Kutoa mzigo nje ya nchi bila kupita forodha: adhabu zake na cha kufanya, hatua kwa hatua

Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi mno kwenye hii kazi ya kuwasafirishia watu mizigo, mtu anakaa kwenye kiti anakwambia "mimi si natoa nje tu, siingizi, na mzigo wenyewe hauna ushuru, sasa kosa liko wapi?" Kosa liko hapo hapo. Bidhaa nyingi zinazopelekwa nje hazitozwi ushuru karibu kila nchi, hilo ni kweli, ila kutotozwa ushuru ni jambo moja na kutotoa taarifa ni jambo lingine kabisa. Forodha hawakai pale kukusanya hela tu, wanahesabu kinachotoka, wanaangalia vibali, wanazuia silaha na meno ya tembo na takataka za sumu na vitu vya makumbusho, na wanahakikisha ule mzigo uliodai umeuza nje ili usilipe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kweli umetoka. Ndo maana adhabu nyingi za upande huu hazipigwi kwa kuangalia kodi uliyokwepa, zinapigwa kwa kuangalia thamani ya mzigo mzima. Kodi sifuri, adhabu nusu ya mzigo. Hapo ndo watu wanazimia.

Kwahiyo mwongozo huu nauandika kwa mtu wa aina tatu: anayetaka kutoa mzigo na hajui mpaka uko wapi, ambaye mzigo wake umeshaondoka bila kusajiliwa na sasa hapati usingizi, na yule ambaye tayari ameshikwa. Kama wewe ni wa tatu ruka moja kwa moja hatua ya sita, utarudi juu baadae.

Hatua ya 1: jua umekosea nini hasa

"Bila forodha" watu wanafikiria ni boti usiku au njia ya panya. Hiyo ipo, ni magendo kabisa na adhabu yake haina mjadala. Ila mafaili mengi mezani hayafanani na hivyo. Kuna mtu hakusajili kabisa tamko la kutoa mzigo, yaani ile fomu ya kuwaambia forodha unatoa nini. Kuna aliyesajili ila akapakia kabla hajaruhusiwa, na hili linatokea sana kwa sababu meli haisubiri mtu, wakati Marekani na Umoja wa Ulaya wanataka taarifa za kontena la baharini ziwe zimefika saa 24 kabla ya kupakia. Kuna aliyesajili vitu kumi akapakia kumi na mbili. Kuna aliyeandika jina la bidhaa la uongo, au namba ya HS (namba ya kimataifa inayoitambulisha aina ya bidhaa) ya bidhaa jirani ili akwepe kibali. Kuna aliyeandika thamani ndogo. Kuna mzigo wa transiti uliotakiwa kupita tu ukashushwa njiani, yaani kwenye karatasi umetoka ila kimwili uko sokoni. Na kuna mtu wa begi, anayebeba bidhaa za biashara kama mizigo ya safari, au hela taslimu zaidi ya kiwango bila kusema.

Kwanini nakazania hili? Kwasababu sheria inaweka kila moja kwenye kifungu chake, na tofauti kati ya "hakusajili kwa uzembe" na "aliandika uongo akijua" ndo tofauti kati ya faini ya ofisini na jela. Kabla hujamwambia mtu yeyote chochote, kaa chini uandike kwa mkono wako: mzigo gani, ulitoka lini, karatasi gani ilikuwepo na ipi haikuwepo, na nani alijua nini siku ile.

Hatua ya 2: weka mzigo kwenye fungu lake

Fungu la kwanza ni bidhaa za kawaida, nguo, samani, vipuri, vitu ambavyo mtu yeyote anatoa mradi ametoa tamko. Ukikosea hapa mara nyingi unazungumza habari ya hela.

Fungu la pili ni bidhaa zinazotaka kibali. Wanyama na mimea iliyo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ambao ulisainiwa 1973 na kuanza kazi 1975. Almasi ghafi, ambayo tangu 2003 inatakiwa isindikizwe na cheti cha Kimberley, cha kuonyesha sio almasi ya kufadhili vita. Vitu vya kale. Dawa na kemikali. Alafu kuna kundi ambalo linawakamata watu wasio na habari, bidhaa za matumizi mawili, yaani kitu cha kawaida kabisa kiwandani ambacho pia kinaweza kutumika kijeshi: baadhi ya pampu, kamera za joto, droni, vifaa vya kupimia, hata programu za kompyuta. Marekani ukikiuka kwa makusudi sheria yao ya 2018 ya kudhibiti bidhaa hizi unaweza kula mpaka miaka 20 na faini ya dola milioni 1 kwa kila kosa. Kwa kila kosa, sio kwa kesi nzima.

Fungu la tatu ni marufuku moja kwa moja, au taka hatarishi zinazosafirishwa kinyume na mkataba wa Basel wa 1989. Hii ya Basel ina utamu wake mchungu, mzigo ukigundulika ni haramu kwa kosa la mtoaji, nchi ulikotoka inatakiwa ihakikishe unarudishwa, kwa kawaida ndani ya siku 30, na gharama ya kurudisha meli nzima ya vyuma chakavu vyenye mafuta unaweza kuiwaza mwenyewe. Mtu aliandika "vifaa vya elektroniki vilivyotumika", kufungua ni televisheni zilizokufa. Kwa forodha hiyo ni taka.

Ukishajua fungu, nusu ya jibu unalo.

Hatua ya 3: soma sheria ya nchi mzigo ulipotokea

Sio ya nchi unakokwenda, ile ina matatizo yake mengine. Tafuta sheria ya forodha, fungua sehemu nne tu: kifungu kinachosema bidhaa zipi zinataifishwa, kifungu cha faini, kifungu cha jela, na kifungu cha muda wa kulalamika. Usisome kitabu kizima utalala.

Nchi zinatofautiana sana, nakupa picha. Afrika Mashariki wana sheria moja ya pamoja ya forodha ya 2004, na kifungu cha 200 kinamweka mtu anayetoa bidhaa zilizokatazwa, zenye masharti, au zisizopita forodha kwenye hatari ya kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Kifungu cha 203 kuhusu karatasi na matamko ya uongo ni miaka isiyozidi 3 au faini isiyozidi dola 10,000. India, sheria yao ya 1962, kifungu cha 113 kinasema mzigo gani unaweza kutaifishwa ukijaribu kuutoa vibaya, na cha 114 kinaruhusu adhabu mpaka mara 3 ya thamani kama bidhaa imekatazwa. Uingereza, sheria ya 1979 kifungu cha 68, kutoa kitu kilichokatazwa kunaweza kukugharimu mara 3 ya thamani, na kama ulihusika ukijua, kesi ikienda mahakama ya ngazi ya juu ni mpaka miaka 7. Marekani, kutosajili taarifa za kutoa mzigo kwenye mfumo wao kuna faini ya ofisini iliyoandikwa kwenye sheria kama dola 10,000 kwa kila kosa, na hupandishwa kufuata mfumuko wa bei, na ukikusudia ni jinai mpaka miaka 5. Umoja wa Ulaya ndo wanachanganya watu, kanuni za forodha ni za pamoja ila adhabu kila nchi inajipangia, ibara ya 42 inasema tu ziwe zinafanya kazi, zinalingana na kosa na zinatisha. Kwahiyo kosa lile lile mpaka mmoja ni onyo, wa pili ni mahakama.

Angalia kitu kimoja kwenye hiyo aya, karibu kote neno ni "isiyozidi" au "mpaka". Hicho ni kilele. Unapoanzia na unapoishia panategemea hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: piga hesabu ya hasara yote, sio faini peke yake

Chukua mzigo wa 100,000, hela yoyote ile. Umetoa bila tamko. Faini ya nusu ni 50,000. Mzigo wenyewe ukitaifishwa ni 100,000 nyingine. Lori au boti iliyobeba nayo inaweza kutaifishwa, Afrika Mashariki sheria inataja gari, na vyombo vya majini vyenye chini ya tani 250. Ikiwa chombo sio chako, mwenye chombo atakufuata wewe.

Alafu kuna zile ambazo hazipo kwenye sheria ya forodha kabisa na ndo zinaua. Mauzo ya nje kwa kawaida yana VAT ya asilimia sifuri, lakini kwa sharti uwe na ushahidi wa kutoka. Huna tamko, huna ushahidi, watu wa kodi wanahesabu uliuza ndani ya nchi na wanakudai VAT ya mzigo wote na riba juu. Uingereza kwa mfano wanataka ushahidi huo upatikane ndani ya miezi 3 kwa mauzo ya kawaida. Pili, mzigo ukikataliwa na mteja ukarudi, utaingiaje? Bidhaa ya kwako inayorudi huwa inasamehewa ushuru (Ulaya wanakupa miaka 3), lakini lazima uonyeshe ilitoka lini na kwa karatasi gani. Mzigo usiotoka kisheria hauwezi kurudi kisheria, unaingia kama mgeni na unalipiwa kama mgeni. Tatu benki, inauliza hela hii ya nje imelipia mzigo gani, huna cha kuonyesha. Nne bima, ajali ikitokea baharini wakigundua safari yenyewe ilikuwa haramu wana sababu ya kutokulipa.

Tano ni siku. Hii niionyeshe kwa kisa kimoja kilichotupata. Mteja alikuwa na vipuri, kwenye pakingi listi katoni 212. Usiku wa kupakia akaona nafasi imebaki nyuma ya kontena, akaongeza katoni tatu za sampuli, vitu vya kugawa bure, hakutuambia. Skana ikaonyesha kivuli kisichofanana na wenzake, sili (lakiri ya kontena) ikakatwa, kila kitu kikashushwa sakafuni. Afisa alikuwa anatembea na chaki, kila katoni anaiweka alama, sisi tumesimama tunahesabu naye. 210, 211, 212. Akanyamaza, akaweka alama nyingine tatu, akageuka akaniuliza taratibu kabisa, "hizi zinakwenda wapi?" Thamani ya zile sampuli ilikuwa kama mlo wa mchana. Kontena zima lilikaa siku 19. Faini ikaja ndogo, tulielezana vizuri, ila hela ya kuhifadhi bandarini na ya kuchelewesha kontena la watu ilizidi faini karibu mara nne. Mteja mpaka leo anaiita "faini ya forodha". Haikuwa ya forodha.

Hatua ya 5: mzigo umeshaondoka na hakuna aliyegundua

Hapa ndo pana faida kubwa zaidi kwenye mwongozo huu wote, na ndo watu wanapopapoteza kwa woga. Sheria nyingi zinamtofautisha anayejitokeza mwenyewe na anayeshikwa. Mkataba wa WTO, shirika la biashara la dunia, wa kurahisisha biashara, ulioanza kazi Februari 2017, ibara ya 6 inasema adhabu ilingane na ukubwa wa kosa, apewe aliyekosea na sio jirani yake, na nchi zihimizwe kuhesabu kujitokeza mapema kama sababu ya kupunguza. Mkataba wa Kyoto uliorekebishwa, wa shirika la forodha la dunia, nao unasema forodha wasipige adhabu kubwa kwa kosa la bahati mbaya lisilo na udanganyifu wala uzembe mkubwa. Marekani wana utaratibu kamili ulioandikwa wa kujitaja kwa makosa ya taarifa za mizigo ya nje.

Neno zito ni kabla. Kabla hawajagundua. Ukituma barua jumatatu na wao walianza uchunguzi ijumaa, hujajitaja, umejibu.

Barua iwe fupi. Andika mzigo gani, tarehe gani, meli au lori gani, namba ya invoisi. Eleza kilichokosekana bila kupamba. Eleza ilikuwaje, na hapa usimtupie lawama karani aliyeacha kazi, wanasoma barua za hivyo kila siku. Ambatanisha invoisi, bili ya kupakilia, uthibitisho wa malipo, na karatasi ya kuingiza mzigo kule ulikofika, hiyo ya mwisho ina nguvu sana maana inaonyesha kitu kilekile, uzito uleule, kilifika kihalali upande wa pili. Omba usajili wa kuchelewa. Peleka kwa njia inayokupa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Na angalia nyuma, kama umekosea mara moja huenda umekosea mara tano, ukijitaja kwa moja wakakuta nne nyingine umejichongea mwenyewe. Ikiwa bidhaa ni ya fungu la pili au la tatu usiandike chochote mpaka umekaa na wakili, hiyo sio kazi ya wakala wa forodha wala ya rafiki anayejua mtu.

Hatua ya 6: umeshikwa, mzigo uko chini yao

Saa ya kwanza ndo inaamua mengi. Usikimbie, usihamishe mzigo, usifute meseji, usipige simu kwa mtu "awahi kuandaa karatasi". Invoisi iliyozaliwa baada ya kukamatwa inaonekana, na hapo umeongeza kosa la pili ambalo mara nyingi ni baya kuliko la kwanza. Na usitoe kitu kidogo. Nimeona mtu amegeuza faini ya ofisini kuwa kesi ya rushwa ndani ya dakika kumi, kwa bahasha.

Omba hati ya kukamatwa mzigo. Isome kabla ya kusaini: idadi, hali, sababu, kifungu cha sheria. Kama imeandikwa katoni 40 na wewe unaona 43, sema hapo hapo. Piga picha kama unaruhusiwa, andika namba za sili ya zamani na mpya, jina na namba ya afisa. Ukitakiwa kusaini kuthibitisha umepokea hati, saini kupokea, na pembeni andika "nimepokea, sijakiri". Maelezo ya kilichotokea unaweza kuomba uyatoe ukiwa na wakili, hilo sio jeuri.

Alafu chukua kalenda. Karibu kila sheria ina dirisha dogo la kusema "huo mzigo ni wangu na napinga". Afrika Mashariki ni ndani ya mwezi 1 wa kukamatwa au kupewa notisi, Uingereza hivyo hivyo mwezi 1. Dirisha likipita hakuna kesi tena, mzigo unahesabiwa umetaifishwa wenyewe, hata kama ulikuwa na haki asilimia mia. Watu wanapoteza kontena zima kwa sababu walikuwa "wanaongea na wakubwa" wiki tano. Ongea na wakubwa, ila barua ya madai ipeleke kwanza. Na dirisha lipo kwa upande wao pia, India kama hawajakupa notisi ya kujieleza ndani ya miezi 6 (wanaweza kuongeza 6) wanatakiwa wakurudishie mzigo.

Bidhaa zinazooza au hatari, waombe kwa maandishi ziuzwe na hela ishikiliwe mpaka mwisho. Ukikaa kimya zitaoza na utagombania harufu.

Hatua ya 7: nani anabeba msalaba

Ukishatulia angalia nani anatajwa. Mtoaji mzigo ndo wa kwanza, yaani jina lililo kwenye tamko au lililotakiwa kuwepo. Wakala wa forodha naye anaingia kama aliandika uongo akijua, na leseni yake iko mezani. Dereva, nahodha, mwenye ghala, yeyote aliyesaidia akijua. Kampuni ikikosea wakurugenzi wanaweza kuitwa kwa majina yao, "ni kampuni sio mimi" haifiki mbali.

Mtego mmoja nautaja kwa sababu unawapata wauzaji waaminifu kabisa. Ukiuza kwa masharti ya EXW, yaani mnunuzi anachukua mzigo mlangoni kwako, kwenye Incoterms 2020 (kanuni za kimataifa za nani anafanya nini kwenye mauzo), mnunuzi ndo anayeshughulika na forodha ya kutoa mzigo, masharti mengine yote ni muuzaji. Sasa mnunuzi anatuma lori, linabeba, linapotea, hakuna tamko. Wewe huna ushahidi wa kutoka, VAT inakuja mlangoni kwako, na ukisema "alikuwa na jukumu yeye" watu wa kodi wanakuangalia tu. Mimi nawaambia wateja waache EXW kwa mauzo ya nje, watumie FCA, yaani unamkabidhi mzigo msafirishaji wa mnunuzi, ni karibu yale yale ila tamko unalifanya wewe.

Hatua ya 8: kumalizana au kupambana

Nchi nyingi zina njia ya kumaliza jambo bila mahakama, wengine wanaita kufifilisha kosa. Unaomba kwa maandishi, unakubali kosa, kamishna anapanga kiasi kisichozidi kile cha sheria, unalipa, faili linafungwa. Ni haraka na jela inaondoka. Ubaya wake, unakiri, na kukiri kunabaki kwenye rekodi, kesho mzigo wako wa halali utakuwa unakwenda njia ya kukaguliwa kila mara. Na kwa sheria kama ya Afrika Mashariki amri ya aina hiyo ni ya mwisho, huwezi kulipa leo ukakata rufaa kesho.

Kwa maoni yangu, kosa la karatasi, mzigo wa kawaida, meli inakungoja na gharama za bandari zinapanda kila asubuhi: malizana. Ukishutumiwa kwa kitu ambacho hukufanya, au kiasi wanachotaka hakilingani kabisa na kosa: pambana. Omba kwanza maelezo ya maandishi ya adhabu, kosa gani, kifungu gani, wamefikaje kwenye namba hiyo. Mkataba wa WTO niliotaja unakupa haki hiyo. Ukipata namba yenye maelezo ndo unaanza: thamani wameitoa wapi, wamehesabu invoisi au bei ya soko, kwanini wamepiga kilele wakati ni mara ya kwanza. Marejeo kwa kamishna yana siku zake, Afrika Mashariki ni 30 tangu uamuzi, baada ya hapo baraza la rufaa za kodi.

Na hoja ya kulingana sio ndoto. Mwaka 1994 abiria mmoja alikuwa anaondoka Los Angeles na familia yake, wakamkuta na dola 357,144 taslimu ambazo hakuzitangaza. Hela ilikuwa ya halali, anakwenda kulipa deni. Serikali ikataka kuchukua yote. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu ya Marekani, na Juni 1998 majaji 5 kwa 4 wakasema kuchukua hela yote kwa kosa la kutotoa taarifa tu hakulingani na kosa, inavunja katiba. Usisherehekee sana lakini, 2001 bunge lao likatunga kosa jipya la kuficha hela ili kukwepa kuitangaza, kifungo mpaka miaka 5. Kutotangaza na kuficha kwenye soli ya kiatu ni vitu viwili.

Hatua ya 9: mzigo unaofuata

Hapa sitarefusha. Namba ya HS ithibitishwe kwa maandishi na mtu aliyekiona kitu chenyewe, sio aliyesikia jina. Vibali viwe mkononi kabla hujaweka nafasi ya meli, maana ukishaweka nafasi utaanza kushawishika. Tamko lisajiliwe, lipate namba, lipate ruhusa, ndipo mlango wa kontena ufungwe, na anayefunga asaini idadi. Yule mteja wa vipuri sasa hivi ana sheria yake, kontena likishahesabiwa funguo anakaa nayo mtu mmoja, na nafasi ikibaki inabaki.

Baada ya meli kuondoka ingia kwenye mfumo uhakikishe hali imebadilika kutoka "imeruhusiwa" kwenda "imetoka". Hizi ni hatua mbili tofauti, na tamko ambalo halijawahi kufungwa kwa kutoka linakuletea maswali miaka miwili mbele wakati hata jina la meli umeshalisahau. Karatasi zote tunza, Marekani na Afrika Mashariki wanataka miaka 5, Ulaya angalau 3 na nchi nyingine zinaongeza. Zile risiti za mashine zinazochapishwa kwa joto zipige picha siku hiyo hiyo, ukiziacha kwenye faili karibu na dirisha baada ya mwaka unabaki na karatasi nyeupe.